Majina Yaliyofagiwa

Chai ya alasiri haiahirishwi nyumbani kwa Folkert Eilers, hata siku ambayo wakili anatishia kuifunga karakana. Basi Jumatatu ile walikaa mezani watatu kama kawaida: mzee Folkert kwenye kiti chake cha dirishani, binti yake Tomke karibu na birika, na Steffen, mume wa Tomke, upande unaopigwa na baridi ya mlango, maana huko ndiko alikoonyeshwa akae alipooa na hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Sukari ya mawe ilipasuka vikombeni, malai yakatandazwa juu ya chai, na barua ya wakili ikalala kando ya sahani ya biskuti.

Wakili alikuwa wa Hamburg, lakini aliandika kwa niaba ya mwanamke wa Ghent, Ubelgiji, aitwaye Veerle Daems. Alisema kwamba masanduku ya kuongozea pampu yanayouzwa na karakana ya Eilers yanaendeshwa na programu aliyoiandika Bi Daems pamoja na wenzake. Programu hiyo ni huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, ila kwa masharti. Karakana ya Eilers haikutimiza hata moja ya masharti hayo, kwa hiyo ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Kama wasingejirekebisha kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, mahakama ingeombwa izuie masanduku yasitoke getini.

Na masanduku yalikuwa tayari, yamepangwa karakanani ng'ambo ya ua, yakisubiri kwenda kwa bodi ya mifereji. Nchi hii yote kati ya mji na tuta la bahari iko chini kuliko bahari yenyewe. Pampu zikinyamaza wakati wa dhoruba, ng'ombe husimama majini. Bodi ilitaka masanduku mapya yafungwe kabla ya vuli kuchachamaa. Ikiyakosa, ingekwenda kwa kina Tjarks wa Oldenburg, ambao walikuwa wamekaa mkao wa kula tangu mwaka uliopita. Bodi ikiondoka, karakana haikuwa na mteja mwingine wa kuishikilia. Tomke alitarajiwa kukabidhiwa karakana hiyo mwezi wa Januari mbele ya mthibitishaji wa hati. Sasa alikuwa anajiuliza atakabidhiwa nini zaidi ya bango la ukutani.

"Tumeibadilisha miaka na miaka," mzee Folkert alisema. "Alichoandika huyo mama kilikuwa mifupa. Nyama yote tumeitia sisi. Leo mifupa inakuja kudai ng'ombe mzima?"

Tomke alimwambia kwamba ameyasoma masharti asubuhi nzima, na hakuna mahali yaliposema kuwa ukibadilisha sana ndiyo umesamehewa. Yalisema kinyume chake. Ukibadilisha ukatumia mwenyewe nyumbani, hakuna mwenye neno nawe. Ukibadilisha ukauza, mnunuzi apewe msimbo wote, yaani yale maandishi ambayo mafundi huyaandika kabla mashine haijayasaga yakawa kitu kisichosomeka na binadamu. Apewe msimbo wa mwanzo na mabadiliko pia. Majina ya walioandika yaachwe palepale yalipo. Ielezwe wazi nini kimebadilishwa. Na leseni yenyewe iende pamoja na bidhaa, ili yule anayenunua awe na haki ileile.

"Msimbo wote," mzee alirudia, kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. "Na mabadiliko yangu."

Hapo ndipo palipomuuma. Masanduku ya watu wengine husukuma maji kila mifereji inapojaa, na kula umeme mwingi. Sanduku la Eilers lilijua kungoja. Lilijua bahari inapwa lini, lilijua upepo wa kaskazini-magharibi unaichelewesha kwa kiasi gani, na maji yakishapwa lilifungua lango la tutani na kuiacha mifereji itiririke yenyewe bila gharama. Elimu hiyo ilitoka kwa Folkert. Alikuwa ameisimulia hapo mezani, kikombe hadi kikombe, na Steffen akaitia katika programu. Bodi ilimheshimu mzee kwa sababu hiyo moja, na yeye alijiheshimu kwa sababu hiyo hiyo.

Alikuwa amekwisha mpigia wakili mmoja wa Emden, ambaye alimshauri akane kila kitu: programu imebadilika mno, walete ushahidi. Ushauri huo ulimkaa vizuri mzee. Tomke alimgeukia mumewe ili amsikie anasemaje, akamkuta ameinamia kikombe. Alikuwa anakoroga chai yake. Katika nyumba ile chai haikorogwi, na Steffen alikuwa ameacha tabia hiyo mwaka wa kwanza tu wa ndoa, baada ya mkwewe kumwangalia kijiko. Leo alikoroga mpaka malai yote yakapotea, wala hakuona.

Tomke akajua kwamba mumewe anaficha jambo.

*

Alimkuta karakanani anafagia. Mafundi walikuwa wamekwenda zao na sakafu ilikuwa safi, lakini Steffen alizaliwa kusini, katika nchi ya Waswabi, ambako wapangaji wa nyumba moja hupokezana zamu ya kufagia ngazi na asiyefagia hutangazwa kwenye kibao cha mlangoni. Akiwa na wasiwasi, hushika ufagio. Ndiyo maana mkwewe alimwita Mswabi, hata mbele ya wateja, na wateja walicheka.

"Sema," Tomke alimwambia.

Steffen aliegemeza ufagio ukutani. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alipoanza kazi pale aliikuta programu kama stoo ya marehemu. Juu ya kila faili palikuwa na msururu wa majina ya watu wa Ubelgiji, wa Ufini, wa wapi sijui, na miaka, na anwani ambazo hazipo tena, na maelezo marefu ya leseni. Yeye hakuyasoma. Aliona uchafu. Basi akaandika amri fupi iliyopita kwenye mafaili yote na kuondoa vichwa vile, na badala yake ikaweka mstari mmoja tu, nadhifu: mali ya Eilers, haki zote zimehifadhiwa.

"Uliyafagia majina ya watu," Tomke alisema.

"Nilifikiri ninasafisha."

"Na ukaandika ni mali yetu."

"Kila kitu kingine humu ndani kimeandikwa hivyo. Hata kikapu cha taka kina jina la baba yako."

Tomke alitamani kucheka na alitamani kumpiga. Kosa lile lilifanana na mumewe kabisa. Hakuna mwizi ambaye angelifanya hivyo, maana mwizi angeacha vumbi ili afanane na wengine. Alimuuliza kama kuna nakala ya zamani yenye majina. Steffen akasema ipo. Yeye hatupi kitu, anakipanga tu. Alimuuliza tena kama kuna jambo jingine analopaswa kulijua. Steffen akasema hakuna, akachukua ufagio wake.

*

Bodi ya mifereji iko karibu na kanisa la zamani, na mwenyekiti wake, Garrelt Poppinga, ni mtu mkubwa, mpole, ambaye hutoa habari mbaya kana kwamba anakukaribisha keki. Tomke alikwenda siku ya pili yake ili amwahi kabla ya uvumi. Alichelewa. Poppinga alikuwa na nakala ya barua. Wakili wa Hamburg aliipelekea bodi pia, kwa sababu bodi ilikuwa na masanduku ya zamani na kwa hiyo ilikuwa na haki ya kuomba msimbo wake.

"Sikujua kama tuna haki hiyo," Poppinga alisema. "Miaka yote hii, kila tukitaka kurekebisha kitu kidogo tunamngoja baba yako. Kumbe tungeweza kusoma wenyewe."

Alisema bila ubaya, na ndiyo sababu lilimchoma Tomke. Kisha akamweleza kwamba bodi ni chombo cha umma, haiwezi kupokea bidhaa yenye mgogoro wa haki. Alhamisi ya wiki ijayo kuna kikao, na mtu wa Tjarks ameomba nafasi ya kusema. Katibu aliyekuwa akipiga chapa pale kando alimtazama Tomke kwa huruma, huruma ile ya kumpa mtu mkono kabla hajafiwa. Tomke aliaga kwa heshima zote, akapanda gari, akafunga mlango, akatukana kwa Kifrisia, lugha ya kwao, mpaka kioo kikafanya ukungu.

Halafu akapiga moyo konde. Wakili wa Emden alikuwa amesema wasiongee na upande wa pili hata neno moja. Tomke aliona kwamba wakili wa Emden hatapoteza chochote karakana ikifungwa. Namba ya simu ya Veerle Daems ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa programu yenyewe, imewekwa pale ili mtu yeyote mwenye shida aulize. Naye alikuwa na shida.

Bi Daems alipokea haraka. Alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, na alizungumza Kijerumani cha taratibu kisicho na makosa. Alipojua anaongea na nani alisema amefurahi kusikia sauti ya mtu badala ya wakili.

"Niambie ulitujuaje," Tomke alisema. "Majina yote yalikuwa yamefutwa."

"Kaatje hakufutwa."

Kaatje alikuwa paka wake. Zamani, alipoandika sehemu ya kipimo cha maji, paka huyo alikuwa akilala juu ya kibodi, na Bi Daems kwa utani aliandika kwamba kipimo kikinyamaza, kioo kionyeshe maneno mawili: Kaatje amelala. Kiangazi kilichopita alikuja likizo kwa baiskeli, akafuata njia ya juu ya tuta, akasimama penye nyumba ya pampu aombe maji ya kunywa. Mlinzi, mzee mchangamfu, alimwita ndani amwonyeshe kichekesho cha nyumba. Tazama, mama, huyu Kaatje analala kila mvua ikinyesha.

"Niliketi chini," Bi Daems alisema. "Kaatje alikufa siku nyingi. Nikamkuta huko kwenu, analala, na sanduku limeandikwa haki zote zimehifadhiwa."

Tomke alilijua neno lile tangu siku nyingi. Walinzi wote walilitumia, hata kwa mtu anayesinzia kanisani. Steffen hakulifuta kwa sababu wazee wa pampu wangemtoa roho. Tomke aliomba radhi, moja kwa moja, bila kupambapamba, na akauliza Bi Daems anataka nini hasa. Bi Daems alisema hataki faida yao. Wamlipe wakili wake, basi. Anataka majina yarudi. Anataka msimbo, pamoja na mabadiliko yote, upatikane kwa kila mwenye sanduku. Anataka leseni iwekwe ndani ya kila kasha. Wakifanya hivyo atawarudishia ruhusa kwa maandishi, na masanduku yaende zake. Yeye hakuandika programu ile ili pampu za watu zizimwe.

"Kwa nini hukutuambia hivi mapema, kabla ya mahakama?" Tomke aliuliza.

Bi Daems alilishangaa swali.

"Nilimwandikia fundi wenu, Steffen, mara mbili," Bi Daems alisema. "Kwa upole. Hakunijibu."

*

Kuna aibu ya kukosea, na kuna aibu ya kuambiwa siri ya kitanda chako na mgeni kwenye simu. Tomke hakupiga kelele aliporudi. Alimwita Steffen nje, kando ya mfereji, wafanyakazi wasisikie, na akamuuliza barua mbili za Ghent ziko wapi. Steffen alijikunja. Alisema alipozisoma ndipo alipoelewa alichokifanya, na alipoelewa alishindwa kulala. Akaona akimwambia mzee atafukuzwa, akimwambia Tomke itabidi amwambie mzee. Akangoja, akidhani huyo mama atachoka.

"Nilikuuliza jana kama kuna jingine. Ukanitazama usoni ukasema hakuna."

"Najua."

"Mimi siwezi kukaa na mtu ninayelazimika kumpigia simu adui yake ili nimjue."

"Tomke, tangu nifike hapa ni Mswabi. Nikivunja kikombe ni Mswabi, nikitengeneza sanduku linaloshinda yale ya Oldenburg, ni Eilers. Ningekwenda kwake na hili kwa mdomo gani?"

Alikuwa na haki, na haki hiyo haikumsafisha. Tomke alimwambia yote mawili. Kisha akamwambia kwamba alasiri, mezani, atasema mwenyewe, na yeye atakaa kando yake, upande ule wa baridi.

Na ndivyo walivyofanya. Folkert alipomwona binti yake amehama kiti alinyanyua nyusi lakini akamimina chai. Steffen hakugusa kikombe. Alieleza kuanzia amri ile fupi hadi barua mbili, hakuacha kitu, na alipomaliza masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto wa shule.

Mzee hakukasirika mara moja. Kwanza alitulia, na Tomke aliuona uso wake ukipata nafuu, na nafuu ile ilimtisha kuliko hasira.

"Kwa hiyo si karakana," Folkert alisema. "Ni wewe. Mfanyakazi alijichukulia hatua bila kutuambia. Wakili wa Emden ataandika hivyo leo hii. Wewe unaondoka, sisi tunaomba radhi, masanduku yanabaki na siri yake."

"Hapana, Baba," Tomke alisema. "Aliyeuza ni karakana. Leseni haiulizi nani alishika ufagio, inauliza nani alipeleka bidhaa kwa mnunuzi. Juu ya sanduku kuna jina lako, la Steffen halipo. Na ungemfukuza mara mia, msimbo bado unadaiwa."

"Mimi nina miaka hamsini na maji haya."

"Najua. Na anayetaka kuyasoma amelipia sanduku."

"Na Tjarks je? Tjarks hajalipa. Atachukua maji yangu asubuhi, jioni anayauza."

"Achukue. Akiyabadilisha akauza, naye atatoa msimbo wake, na jina lako litabaki ndani, na sisi tutausoma wake kama yeye alivyousoma wetu. Kamba iliyotufunga sisi itamfunga na yeye. Asipoikubali, nitampigia simu Bi Daems mimi mwenyewe."

Folkert aligeukia dirisha. Alisema taratibu kwamba karakana bado ni yake mpaka Januari.

"Ni yako," Tomke alisema. "Na mimi sitakwenda kwa mthibitishaji kupokea karakana inayomtupa mtu wake ili iendelee kushika vya wengine. Uza kwa Tjarks. Angalau yeye atajua anachonunua."

"Unanitisha mezani kwangu, mama?"

"Nakuambia mezani kwako, ili usije ukaambiwa na wakili."

Hakuna aliyekula biskuti siku ile. Mzee aliinuka, akasema wafanye watakavyo ila yeye asihesabiwe, na akatoka kwenda kuangalia mifereji ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Tomke alipumua. Moyoni alijua ameshinda.

*

Steffen alifanya kazi kama mtu anayelipa deni la rohoni. Aliitoa nakala ya zamani, akayarudisha majina yote, ya Ghent na ya Ufini na ya wapi sijui, kila moja mahali pake, pamoja na anwani ambazo hazipo tena. Kwenye kila faili alilowahi kuligusa aliandika kwamba limebadilishwa na lini. Tomke alichapisha karatasi ya leseni na kuitia ndani ya kila kasha kwa mkono wake, na mafundi wakamsaidia, wakitaniana kwamba Kaatje hatimaye amepata cheti cha kuzaliwa. Msimbo ulipelekwa Ghent ukaguliwe kabla ya kuwekwa hadharani.

Bi Daems alijibu asubuhi ya siku ya kikao cha bodi. Aliujaribu msimbo nyumbani kwake, ukafanya kazi. Majina yamo, leseni imo. Ameridhika, na barua ya kurudisha ruhusa ameitia sahihi. Poppinga amepelekewa nakala, naye amejibu kwamba malori yaje. Ila palibaki pengo moja. Sehemu ya maji kupwa, ile inayongoja bahari na upepo, ilikuwa imeandikwa jina la kampuni tu. Kampuni haifikiri, aliandika Bi Daems. Ningependa kujua nani alifikiri hili, kwa sababu sijawahi kuona kitu kizuri namna hii, na ninataka kukiingiza katika programu ya wote. Jazeni jina, kisha muuachilie msimbo.

Tomke alikuwa anaisoma kwa sauti wakati baba yake alipoingia ofisini akiwa na viatu vya matope. Siku zote zile alikuwa hasemi nao ila salamu. Alisikia mpaka mwisho. Tomke aliona sifa zile zikimfikia, akafurahi kwa ajili yake, akadhani sasa yamekwisha.

"Mzee," Steffen alisema, "naandika jina lako. Folkert Eilers, na mwaka."

Folkert alisogea karibu. Alivua kofia. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya Steffen, akautazama ule mstari uliokuwa wazi kwenye kioo.

"Andika Harm Boelsen," alisema.

Wakamtazama wote wawili. Jina hilo Tomke alikuwa amelisikia labda mara moja utotoni.

"Alikuwa mlinzi wa lango la zamani," mzee alisema. "Nilitumwa kwake nikiwa kijana, nimshikie taa. Alikuwa hasukumi maji. Anakaa, anasikiliza mfereji, ananusa upepo, anasema bado. Watu wanamwita mvivu. Halafu anafungua lango na maji yanakwenda yenyewe. Alinifundisha yote. Alipokufa nilimwendea babu yako, nikamwambia nimegundua njia." Alikunja kofia mikononi. "Mwaka uleule akanikabidhi karakana."

Steffen aliondoa mikono kwenye kibodi. Tomke alijisikia kama aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta chumba asichokijua. Karakana aliyoipigania wiki nzima, aliyotishia kuikataa kwa kuwa ilishika vya wengine, ilikuwa imepatikana hivyo. Alimwonea baba yake huruma na alimkasirikia, vyote kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuchagua kimoja.

"Boelsen kwa herufi gani, mzee?" Steffen aliuliza kwa upole.

Folkert alimtajia, herufi moja moja, na Steffen akaandika.

"Sasa langu, chini yake," mzee alisema. "Na lako chini ya langu. Mimi nilisimulia tu. Wewe ndiye uliyeyaandika yakaeleweka." Akangoja mpaka yote matatu yakawa mahali pake, akayasoma kwa midomo, polepole. "Haya. Peleka."

Steffen akabonyeza. Uani dereva wa lori la kwanza alikuwa anapiga honi, anataka kufunguliwa geti, na Tomke aliinuka kwenda kumfungulia, machozi yakimtoka bila kuyaficha. Baba yake naye aliinuka, akavaa kofia.

"Harm aliacha binti," alisema. "Gesche. Yuko Norden, amezeeka kama mimi. Sijawahi kumtazama usoni tangu tulipomzika baba yake."

"Nitakupeleka, Baba. Masanduku yakishaondoka."

"Hapana," Folkert alisema. "Hili nitakwenda kumwambia mwenyewe."